Kitambaa Kwenye King'ora

Jumamosi ile mume wangu hakumaliza chai yake. Alisema ataimalizia akirudi, maana kazi ilikuwa ya nusu siku. Nikakifunika kikombe kwa kisahani. Hakurudi.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha barafu. Mimi nafunga barafu mifukoni, jengo la pili. Mitambo ile hugandisha maji kwa gesi kali iitwayo amonia. Ikivuja, ukaivuta nyingi, inaua. Ndiyo maana chumba cha mitambo kina king'ora kinachonusa gesi.

Lakini king'ora kile kililia hata kwa mvuke, kila sakafu ilipooshwa kwa maji ya moto. Mafundi wakakibatiza jina la Mama Mkwe, kwa sababu kinalalamika bila kosa. Kila Jumamosi walikifunga kitambaa, wakaosha, kisha wakakifungua. Kitambaa kilitoka jikoni kwangu. Mume wangu aliniomba, nami nikampa, tukacheka.

Jumamosi ile hakuna aliyekumbuka kukifungua.

Baada ya mazishi alikuja mkaguzi wa usalama, mama mmoja mpole mwenye viatu vya vumbi. Nilimwuliza kosa lilikuwa la nani. Nilikuwa nimechoka kujiuliza mwenyewe.

"Dada yangu, mimi nimehesabu walinzi," alisema. "Bomba limeliwa na kutu. Feni ya kutoa hewa ni mbovu tangu mwezi jana. King'ora kimefungwa. Na marehemu alikuwa peke yake. Walinzi wanne, wote wamelala. Mmoja tu angekuwa macho, huenda mumeo angetoka."

"Lakini kitambaa ni changu."

Mkaguzi akanijibu: "King'ora kinacholia ovyo ni kibovu. Mngesema, kingehamishwa mbali na mvuke. Hamkusema kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameumia. Hatari ikizoeleka haipungui. Inangoja hatari nyingine ziungane nayo."

Bomba lilizibwa, kiwanda kikafunguliwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye fundi pale pale tangu zamani, akapangiwa chumba kile kile. Jumamosi asubuhi akaja mlangoni kwangu, anatazama chini. Mama Mkwe ameanza tena, alisema, na feni wameahidi wiki ijayo. Aliomba kitambaa kingine.

"Vitambaa vimekwisha, shemeji," nilimwambia. "Twende kwa meneja."

Tulikwenda. Meneja alisema wateja wanangoja barafu. Shemeji akamjibu polepole kwamba mama yake naye amebakiwa na mtoto mmoja. Mafundi wengine wakaketi nje ya chumba, wakakataa kuingia.

Kiwanda kilisimama siku nne. Bomba na feni vikabadilishwa, king'ora kikahamishiwa ukuta wa pili. Sasa haingii mtu peke yake. Kila hitilafu, hata ile iliyopita salama, inaandikwa kwenye daftari la mlangoni, na haifutwi mpaka itengenezwe.

Mimi bado nafunga barafu. Kila Jumatatu saa nne king'ora hujaribiwa. Tunatoka wote uani, tunahesabiwa. Tulikuwa thelathini na mmoja. Sasa tuko thelathini.