Betri Zisizokwisha Chaji

Siku ya tisa tochi ilikuwa bado inawaka, na hakuna mtu aliyeichaji.

Hidaya ndiye aliyehesabu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwanamke ambaye mimba mbili zimemharibikia huhesabu kila kitu: wiki, siku, mateke ya mtoto. Tochi yenyewe ilikuwa ya LED, ile ya plastiki ya bei chee inayouzwa kwenye meza za barabarani, ambayo ikimaliza usiku mmoja imejitahidi. Lakini tangu mumewe, Sefu, aiwekee betri mbili nyingine, ilizidi kung'aa. Mwaka ule wa 2015 umeme ulikatika sana pale Ujiji, na kila walipoiwasha ilikuwa na nguvu kuliko jana.

"Sefu, hizi betri umezichaji lini?"

"Betri nzuri ndivyo zilivyo," alisema mumewe. "Wewe kula, ulale."

Tumseme Sefu kidogo, maana anastahili kusemwa. Alikuwa na kibanda cha kuchajia simu na betri kwenye barabara ya kutoka Kasingirima, na alikuwa na kipaji cha kweli. Betri za kuchaji za tochi zinadanganya kupita kiasi. Ubavuni zimeandikwa namba kubwa ambazo hata aliyeziandika anajua ni uongo, na nyingine ukizipasua unakuta zimejazwa unga ili ziwe na uzito. Sefu hakusoma namba. Alipima betri kiganjani; nyepesi aliitupa pembeni, nzito aliigusisha waya chini na ulimi juu, akafumba macho, akasema: hii nzima, hii imechoka, hii usimpe hata adui. Watu walitoka mpaka Simbo kuja kuchaguliwa betri. Kwa ulimi ule angekula vizuri na kulala vizuri maisha yake yote. Hakutosheka, mshenzi yule.

Miezi ile wakimbizi kutoka Burundi walishushwa na meli kwa maelfu, wakalazwa uwanja wa mpira kungoja mabasi ya kambini. Watu walioacha nyumba na mashamba, wengine wamezika watoto njiani, walifika kibandani na betri zao mkononi, wakaomba kuchajiwa. Sefu alibandika kila betri plasta yenye namba na jina, akawaambia warudi kesho. Na alijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba mabasi yaliondoka alfajiri. Za wasiorudi alizionja moja moja, akazibandua plasta, akaziuza. Waliowahi kurudi aliwapa mbovu za wenzao, akawatazama machoni na kuapa kuwa ni zile zile. Mtu aliyekimbia risasi anakuamini wewe, na wewe unamwibia mwanga! Hata kusimulia kunachefua.

Mbili tu hakuziuza. Ulimi wake ulipozigusa haukuhisi ule uchachu wa kawaida. Ulihisi utamu, kama maziwa ya vuguvugu. Akazipeleka nyumbani.

Mtoto wa Hidaya alikuwa mchezaji. Usiku ambao umeme haukukatika alirusha mateke mpaka mama yake akacheka peke yake. Usiku ambao tochi iliwaka alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikwenda mpaka asubuhi, kisha mpaka adhuhuri. Kulikuwa na harufu pia, ya maziwa yaliyochacha, iliyokaa kwenye mito na kwenye chandarua. Hidaya alifua kila kitu. Harufu haikutoka.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, jua limewaka nje na majirani wanazungumza barazani, Hidaya aliingia stoo kuchota mawese. Stoo ile haina dirisha. Alichukua tochi, akainama kwenye dumu, na kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili aliibana tochi kwapani, kioo kikiangalia ukuta na kitako chake kikigusa tumbo. Ndipo alipoisikia sauti, ndogo, ya taratibu, sauti ambayo kila mwanamke anaijua hata kama hajazaa, ya kinywa kichanga kinachonyonya, kinameza, kinapumua, kinanyonya tena, na sauti haikutoka nje wala ukutani bali kwapani pake, ndani ya plastiki ile, na kila kinywa kilipovuta, mwanga ukutani ulipanda ukawa mweupe, ukawa mkali, ukaonyesha kila chembe ya mchanga kwenye tofali, na kila mwanga ulipopanda yeye alihisi baridi ikishuka chini ya kitovu, na mtoto wake akajikunja, akatetemeka mara moja kama kifaranga kilichoshikwa, kisha akatulia kabisa, na sauti ile ikaendelea kumeza.

Aliitupa. Ikabingirika mpaka mlangoni ikiwa inawaka. Mawese yote yalimwagika.

Hakulia. Alitembea mpaka kibandani na kanga yenye mafuta, akamkuta mumewe anapima betri ya mteja.

"Umezitoa wapi?"

"Punguza sauti, Hidaya. Kuna watu."

"Umezitoa wapi?"

Sefu aliangalia chini ya meza, haraka tu, lakini mkewe aliliona jicho lile. Akainama kwa shida, tumbo likimzuia, akachungulia. Upande wa chini wa ubao ulikuwa umejaa plasta. Sefu alizibandua kwenye betri na kuzibandika pale, safu kwa safu, kama mtu anayefuta vidole. Dismasi. Esther. Elia na wanawe. Leodgar. Majina zaidi ya sitini, kila moja na namba yake.

"Ya zile mbili ni ipi?" Hidaya aliuliza.

"Arobaini na moja," Sefu alinong'ona. "Sasa unataka nifanye nini? Walishaondoka!"

Arobaini na moja, Verediana.

Hidaya alizichukua betri mpaka ziwani, akasimama kati ya wanawake wanaoanika dagaa, akazirusha mbali kwa nguvu zake zote. Aliziona zikizama. Alipofika nyumbani alihisi uzito kiunoni. Zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, za vuguvugu.

Wakamwita Shehe Abdulatif, ambaye pale Ujiji ametoa majini mengi na hajawahi kumdai mtu. Alizilaza betri kwenye sinia, akafukiza ubani, akasoma. Moshi ulifika kwenye sinia ukagawanyika, ukapita pande mbili bila kuzigusa. Akasoma tena kwa sauti ya chini. Kisha akafunga msahafu, akamgeukia Sefu.

"Jini aliyeingia mwenyewe namtoa," alisema. "Huyu amebebwa kwa mkono wa mtu, na mkono wenyewe haukuwa wa halali. Nendeni kwa mwenye mali."

"Na kibanda nimwachie nani?" alisema Sefu.

Hidaya alikwenda peke yake, na mimba yake, kwa basi na kisha kwa lori, mpaka kambini upande wa Kasulu. Siku mbili aliuliza hema kwa hema. Mtoto hakuwa amepiga teke tangu stoo.

Verediana alikuwa mwanamke mwembamba, anachambua maharage mbele ya hema. Alipoona betri aliificha mikono nyuma.

"Ni zako hizi? Ziliachwa kibandani kwa mume wangu."

"Zilikuwa zangu," alisema, na Kirundi kilisikika ndani ya Kiswahili chake. "Sasa ni za bwana wako."

"Nimekurudishia. Pokea!"

"Oya, hapana, mama. Hazirudishwi. Haziuzwi, hata bure hazitolewi. Miye nilizitupa majini, nikazikuta kwenye mfuko wa unga." Alishusha sauti. "Zinahama kwa njia moja. Mpaka mtu aibe."

Hidaya alikaa chini, kando ya maharage.

"Miye niliiba tochi ya mzee aliyelala ufukweni, kule Kagunga," Verediana aliendelea. "Kulikuwa na giza, watu wamejaa, nina watoto wawili, naogopa wasipotee. Mwanga ukawa mzuri sana. Haukuisha. Lile jini linanyonya aliye mdogo kuliko wote chini ya paa la mwizi. Wangu alikuwa na miezi minne."

"Kwa hiyo ulikuja Ujiji unajua," Hidaya alisema polepole. "Ulijua, ukatuletea!"

"Ego. Nilijua. Nilikuwa nimebaki na mmoja." Sasa na yeye alikuwa amekasirika, machozi yamemjaa. "Unafikiri nilianza na bwana wako? Nilipeleka vibanda vitatu, nikajificha makusudi nisirudi. Wa kwanza alinitafuta akanirudishia. Wa pili alinirudishia na andazi la mtoto. Wa tatu alinikimbilia mpaka uwanjani, anahema, anasema mama umesahau mali yako. Nililia mbele yake. Ndipo nikasikia watu wanamlaani mmoja anaitwa Sefu. Angekuwa mtu mwema, mama, ningekufa nazo."

Hidaya aliinua mkono kumpiga. Msichana mdogo alitokea hemani, akamshika mama yake sketi. Mkono ukashuka wenyewe, kwa sababu aliyestahili kofi lile hakuwa pale.

"Wewe hukuiba," Verediana alisema. "Toka chini ya paa lake. Ukitoka wewe, na huyo wa tumboni ametoka."

Betri Hidaya aliziacha kambini, juu ya udongo. Alipoingia nyumbani kwake Ujiji zilikuwa zimefika kabla yake. Tochi iliwaka mezani, na Sefu alikuwa anakula wali kwa mwanga wake.

"Umempata? Amesemaje?"

Hidaya alimweleza yote, neno kwa neno, akiwa anafunga nguo kwenye shuka. Alipofika kwa mtoto wa miezi minne, Sefu aliacha kula.

"Mke wangu, ngoja. Tuzungumze. Nitaacha. Wallahi nitaacha!"

"Ulikuwa unajua mateke yamepungua. Nilikwambia. Ukaniambia nilale." Sauti yake ilipasuka, na sasa majirani wote walisikia. "Mimba mbili nimezika, Sefu! Hii ya tatu ungenilia nikikuona, kwa ajili ya tochi! Kaa nazo. Una miaka thelathini na minne, na leo wewe ndiye mdogo wa nyumba hii."

Akatoka. Njiani kuelekea kwa mama yake Simbo, akiwa nyuma ya pikipiki, kitu kilimgonga chini ya mbavu. Kisha tena, kwa nguvu. Alimwomba dereva asimame, akakaa pembeni ya barabara, akalia mpaka akashiba. Agosti ile alijifungua mvulana mzima, mwenye sauti ya kuudhi kijiji.

Sefu hakulala usiku ule wala uliofuata. Alijua afanye nini. Wizi ni kitu alichokijua. Asubuhi aliweka betri mbele kabisa mezani, akageuka nyuma, akajifanya anapanga simu. Alipogeuka zilikuwepo. Aliziacha sokoni juu ya gunia la mihogo. Muuzaji alimtumia mtu azilete. Aliziacha msikitini kwenye viatu, zikatangazwa kwa kipaza sauti. Akaziacha kituo cha mabasi, kwenye benchi, akakimbia, kwa kadiri alivyoweza, maana mashavu yalikuwa yamebonyea na mikono imekuwa ya baridi, na usiku alikuwa anasikia kile kinywa kikimeza karibu na shingo yake.

Jioni alisikia fimbo ikigonga barabarani. Mzee Gervasi, Mha wa Simbo, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa amerudi kwa miguu kutoka kituoni, jasho linamtiririka.

"Mwakeye, mwanangu," alimsalimu Kiha. "Nimezitambua, ni zako hizi. Umeziacha kwenye benchi."

"Chukua wewe, mzee," Sefu alimsihi. "Nenda nazo tu. Usiniambie."

"Kitu cha mtu? Astaghafiru!" Mzee alicheka, akamfungua vidole akamwekea betri kiganjani. "Zishike vizuri. Siku hizi mjini wezi wamezidi."

Sefu ilibidi azishike kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukuwa tena na nguvu ya kuzibeba.