Vipimo Vilivyoenda Rungwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Dina tulipima alizeti ya kundi letu kwenye shamba la shule, hapa Iguguno. Mimi, Winfrida, nilishika rula ndefu. Dina aliandika urefu kwenye programu ya vipimo katika simu ya nyumbani kwao. Mwalimu Naftali alikuwa ameweka programu ileile kwenye kishikwambi cha darasa, ili vipimo vihamie huko vyenyewe kupitia akaunti moja.

"Vimehamia?" nilikuwa namuuliza.

"Vyote," alijibu Dina, wiki sita mfululizo.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuonyesha kazi yetu mbele ya wazazi, nikafungua kishikwambi. Kitupu! Hata tarehe moja haikuwepo.

"Dina! Vipimo viko wapi?"

Akainama. "Nilisahau neno la siri wiki ya kwanza. Nikaendelea kuandika kwenye simu tu, bila akaunti. Niliona aibu kusema."

"Aibu? Wiki sita unanidanganya usoni! Lete hiyo simu!"

"Baba ameondoka nayo. Ameenda Rungwa kurina asali."

Jamani! Nilitamani kung'oa alizeti nimchape nayo. Nililia kwa hasira mpaka Mwalimu Naftali akatoka ofisini. Nikamwambia yote, tena kwa sauti ya juu.

Mwalimu alimpigia baba yake Dina mara saba. Mara ya nane akapokea; alikuwa ametoka porini kutafuta madumu. Intaneti haikushika, basi akatusomea kipimo kimoja kimoja kwa kupiga kelele, huku akilalamika kwamba vidole vinanata asali. Dina aliandika kwenye daftari, machozi yakimtoka.

"Sifanyi naye kazi tena!" nikasema simu ilipokatwa.

"Una haki ya kukasirika," Mwalimu alisema. "Dina, neno la siri tungelirekebisha kwa dakika mbili. Uongo wako ndio uliotaka kutupotezea wiki sita. Na wewe Winfrida, kishikwambi kiko kabatini kila siku. Ulikifungua lini?"

"Leo tu," nikasema. Kabla ya hapo sikuwa nimekifungua hata mara moja.

"Basi, Dina, ukikosea sema siku hiyohiyo. Winfrida, usiishie kuuliza, fungua uone mwenyewe. Kazi ni yenu nyote wawili. Haya, ingizeni vipimo."

Nikavuta kiti karibu na Dina. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nikaanza kumsomea vipimo kutoka kwenye daftari.