Msichana Aliyebaki na Shimizi

Habari hii nilipewa na Pyo Dong-sik mwenyewe, jirani yangu hapa Mokpo, siku ile ya Novemba tulipokuwa tukitia kabichi chumvi uani kwake. Wakati huo alikuwa amestaafu. Yalipotokea alikuwa bado Inspekta wa polisi.

Mlalamikaji alifika kituoni saa nne asubuhi, magamba ya samaki yangali mikononi. Jina lake Geum Yeon-hwa, muuza samaki. Aliweka kompyuta ya binti yake mezani.

"Wamemvua nguo," alisema.

Kwenye kioo alisimama msichana wa mchezo, ile michezo ya mtandaoni ya majoka na mapanga. Miguu mitupu. Shimizi nyeupe tu. Kifua kikipanda na kushuka, kama mtu anayepumua.

Binti mwenyewe, Narae, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa damu, siku arobaini na tisa zilizopita. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchezoni alisifika kwa mavazi. Alichukua joho la mtawa, akalioanisha na buti za mwindaji, yote akayatia rangi ya moshi. Ukosi peke yake akauacha mwekundu. Wachezaji walitoka mbali kuja kumtazama. Na tangu azikwe, mama yake alimfungua msichana huyo wa kioo kila alfajiri, akamsalimu, ndipo akaenda sokoni.

Sajini Seo alikuna kichwa. "Afande, mke wangu ana kabati mbili na kila siku hana cha kuvaa. Hii tuiandike wizi wa nini?"

Pyo hakucheka. "Omba kumbukumbu za mtambo wa mchezo."

Zilifika adhuhuri. Seo hakuwa na mzaha tena.

"Nguo hazikuuzwa, afande. Zimetiwa kwenye tanuru la mhunzi, moja moja, saa kumi na moja alfajiri. Kwa kompyuta hii hii, nyumbani kwao."

"Soma."

"Msichana wa mchezo anainama mara mbili. Anachoma joho. Anainama mara mbili. Anachoma buti. Ukosi hivyo hivyo. Akifika kwenye shimizi, anaacha."

"Mara mbili?"

Seo alirudia mistari kwa kidole. Kwa desturi yetu aliye hai huinamiwa mara moja, marehemu mara mbili.

Nyumbani walimkuta Ok Bun-rye, mama mkwe wa Yeon-hwa, fundi cherehani wa zamani, akimenya vitunguu saumu.

"Bibi, kompyuta unaijua?"

"Nimeshona miaka hamsini. Kidole changu kiogope kitufe?"

"Nani alikufundisha?"

"Mwenyewe. Alikuwa akiniita, 'Bibi, njoo uone, ukosi umekaa?' Namwambia, kimoja kikisema, vingine vinyamaze. Ndiyo akabakiza nyekundu moja."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

Bibi aliweka kisu chini. "Usimsumbue mtu mwingine. Ni mimi."

Yeon-hwa alikuwa amesimama mlangoni, kompyuta wazi mikononi. "Mama," alisema.

"Nguo za kabatini tulizichoma, mama Narae, ili aende zake asigeuke nyuma. Zile alizozipenda ukamwekea humo kompyutani. Kila alfajiri nakusikia unamwamsha. Leo ni siku ya arobaini na tisa, siku ya roho kuondoka; mtoto anayeitwa kila siku ataondokaje? Mkubwa hamwinamii mdogo. Mimi nilimwinamia."

"Mimi sikuwa na kitu kingine, mama."

Pyo alimtazama Seo. Seo alitikisa kichwa. Alikwishawapigia simu wenye mchezo. Kilichoingia tanuruni hakirudi, na buti zile zilitolewa sikukuu moja tu, miaka minne nyuma.

Bibi alikisogelea kioo. "Mbona bado amesimama?"



"Nilidhani ataondoka. Kumbe yumo, nami nimemwacha na shimizi, baridi hii."

"Funga jalada la kesi, Inspekta," alisema Yeon-hwa. Sauti yake haikuwa ya msamaha.

Bibi alijilaza akaelekea ukutani, akalala jua lingali dirishani. Pyo aliketi kizingitini, viatu vyake mkononi, asiweze kuvivaa. Yeon-hwa alilala ubavu mkekani, kompyuta mbele ya uso wake. Kila mara kioo kilipotaka kuzimika, aligusa kitufe, na msichana akarudi, miguu mitupu, anapumua. Akagusa tena. Akagusa tena. Halafu kioo kikazimika, na kidole hakikusogea; usingizi ulikuwa umemchukua.