Aliyebaki na Glenda

Verna alikata usukani kushoto, akaiacha lami, na gari zima likaanza kutetemeka. Sahani ziligongana kabatini. Lilikuwa gari la kulala, refu kama basi, lenye vitanda, jiko na choo, na kila kiangazi yeye na Glenda walizunguka nalo majangwa ya Utah, Marekani, wawili peke yao. Safari hii walikuwa watatu. Kiti cha ubavuni mwa dereva, ambacho siku zote kilikuwa cha Glenda, kilikuwa kitupu. Glenda alikuwa nyuma na Noreen, rafiki aliyempata majuzi tu kwenye mazoezi ya kuogelea, wakicheza karata na kucheka tangu asubuhi.

"Verna, mbona tumeingia vumbini?" Glenda aliuliza.

"Nakupeleka kwenye lile tao jekundu la mawe, la safari yetu ya kwanza. Au umeshasahau?"

"Wale askari wa hifadhi si wamesema mvua inanyesha milimani?" Noreen akadakia. "Wametuonya tusitoke kwenye lami."

"Wewe bibie ni mgeni huku. Mvua unaiona wapi?"

Ni kweli, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Verna alijua kwamba onyo lile lilikuwa la maana; alijua pia kwamba pale kwenye tao Noreen hangekuwa na la kusimulia. Akakanyaga mafuta.

Njia iliteremka ndani ya korongo kavu. Walikuwa katikati ya mchanga Verna aliposikia mngurumo, akadhani ni injini. Kisha akauona ukija kwenye kona: ukuta wa maji ya rangi ya matofali, umebeba magogo na mawe. Alijaribu kurudi nyuma, magurudumu yakazama. Maji yakaupiga ubavu wa gari, yakaliinua, yakalilaza chali kama mende, na kulikokota hadi likanasa kwenye mwamba.

Yalipopungua, Verna alijikuta amekaa juu ya dari, mdomo umejaa matope. Noreen alikuwa anamvuta Glenda nje kupitia dirishani. Mguu wa kushoto wa Glenda ulikuwa umepinda pale ambapo mguu haupindi.

"Usimguse!" Verna alifoka.

"Nimeuguza wazee maisha yangu yote, Verna. Nitafutie ubao na kitambaa."

Verna akang'oa mlango wa kabati, akachana shuka. Noreen aliufunga mguu gango la ubao, na Glenda, jasho likimtiririka, alimshika mkono akimwita Nori. Nori! Tangu lini? Verna, aliyekuwa amekaa pale pale na mkono mtupu, aliona bora ungevunjika mguu wake yeye.

Simu hazikuwa na mtandao. Tangi la maji lilikuwa limepasuka. Walipata chupa mbili za maji na kopo la pichi, basi. Jua lilikuwa limeanza kuchemsha matope.

"Mmoja aende akatafute msaada," Noreen alisema. "Mimi napenda kutembea, ila njia siijui."

Hakuna aliyemtazama Verna, na hilo ndilo lililomuuma. Anayejua njia alikuwa yeye. Anayejua mguu alikuwa Noreen. Angetoa chochote mambo yawe kinyume.

"Nenda, shoga yangu," Glenda alimwambia kwa sauti ndogo. "Nori atanitazama."

Noreen akampa chupa zote mbili.

"Na nyinyi?"

"Niachie nusu ya chupa moja, ya Glenda. Mimi nitachuja haya madimbwi kwa shuka. Fuata kivuli cha ukuta, usikate katikati."

Verna alichukua bila kushukuru. Alipofika kwenye kona aligeuka: vichwa viwili vilikuwa vimeinamiana kivulini mwa gari, kama kwenye karata.

Akatembea. Mawe yaliunguza nyayo zake hata ndani ya viatu, ulimi ukavimba, na magoti yake ya uzee yakawa yanalia kila hatua. Lakini kilichomtafuna zaidi kilikuwa kitu kingine. Kama Glenda atakata roho, atakata roho mikononi mwa yule. Maneno ya mwisho atayasikia yule. Wazo hilo lilimsimamisha, likamgeuza, na kwa kitambo alikuwa kweli anarudi alikotoka, akilia kwa hasira bila machozi.

Kiu ndiyo iliyomzindua. Aliinua chupa anywe, akakumbuka aliyempa. Mwanamke yule sasa hivi alikuwa anakunywa tope.

"Mjinga wewe," Verna alijiambia kwa sauti. "Utarudi ukafanye nini? Ukamnyang'anye mgonjwa?"

Akageuka tena, akaenda.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoona pampu ya upepo na birika la kunyweshea ng'ombe. Alitumbukiza kichwa kizima katikati ya ndama. Mwenye mifugo, mama mmoja mkakamavu aitwaye Twila, alimtoa humo kwa kumshika ukosi.

"Mama wee, utajiua! Kunywa pole pole. Uko na nani?"

"Na rafiki zangu," Verna alisema. "Wawili."

Twila aliita uokoaji kwa redio ya gari lake, kisha wakaelekea korongoni. Helikopta ilikuwa imeshatua walipofika. Glenda alikuwa hai, amelazwa kwenye machela. Noreen alikuwa amekaa mchangani, mabega yamebabuka malengelenge kwa kutwa nzima ya kusimama akimkinga mwenzake jua kivuli cha gari kilipohama, naye akitapika maji ya madimbwi.

"Nafasi iko moja zaidi," mwokoaji alisema. "Nani ndugu yake?"

Glenda akanyoosha mkono. "Verna. Njoo, shoga."

Alikuwa ameungoja mkono huo safari nzima. Aliushika, akaubusu, kisha akauweka kwenye mkono wa Noreen.

"Mpelekeni huyu. Haoni hata mbele."

Helikopta iliondoka na vumbi lake. Wivu ulibaki naye pale chini, ukimchoma kama kawaida. Haukuwa umekwenda kokote. Verna aliuacha uchome. Aliingia ndani ya gari lililopinduka, akapekua matope mpaka akapata viatu, vya Noreen kwanza, halafu vya Glenda, akavikung'uta kwenye mwamba.

"Hospitali ni mbali?" alimuuliza Twila.

"Mbali sana."

"Basi washa gari. Wale wawili wameondoka miguu peku."