Cheti Halisi cha Bernadetha

Bernadetha alikuwa ametoka kwenye foleni mara mbili, na mara zote mbili bahasha ilibaki kwapani. Ilikuwa Jumamosi ya Machi 1996, posta ya katikati ya Minneapolis imefurika watu, theluji ya viatuni imelowesha sakafu nzima. Alivaa koti jekundu la mtumba na kilemba cha kitenge. Ndani ya bahasha mlikuwa na pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Bukoba, kile halisi, kisicho na mwenzake. Alikuwa ameshinda bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi Marekani, na ofisi ya uhamiaji ilikuwa imemwandikia kwamba haitaki nakala. Mwisho ulikuwa tarehe thelathini Septemba. Ikipita hiyo, bahati imekwenda na maji.

"Madam, unaingia line ama unatoka?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, jaketi la kahawia, viatu vimeng'arishwa kana kwamba nje hakuna matope. Alimuuliza amejuaje kwamba anaelewa Kiswahili.

"Umeongelesha hiyo envelope dakika tano nzima," alijibu. "Hizo watu hupenda original. Wakiitisha original ya mama yangu, itabidi nimempost."

Bernadetha alicheka bila kupenda, kisha akaibana bahasha zaidi. Mwanamume mzuri, mcheshi, na tayari anazijua karatasi zake. Hakumpenda hata kidogo, alijiambia, na alimpa namba ya simu. Kisha akaingia foleni na kuituma bahasha.

Jina lake lilikuwa Muriuki, mtu wa Nyeri, fundi wa maabara huko Golden Valley. Alipiga simu kila siku saa ya mapumziko ya chakula, kuuliza tu kama amekula. Jumapili alimpeleka Coon Rapids kwa gari, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, kwa kuwa basi halikufika, na njiani walibishana nani anajua Kiswahili. Kufika Juni alikuwa amempa ufunguo wa nyumba yake. Na Bernadetha alipolazimika kuhama chumba alichopanga Maple Grove, akawa analala wiki kwa rafiki huyu, wiki kwa yule, Muriuki alimwambia aiandikie ofisi ya uhamiaji kwamba barua zipitie anwani yake yeye Muriuki. "Box ni box tu, Betha. Iko salama." Akaandika.

Julai ikaisha. Sandukuni hamna kitu. Agosti alipiga simu ofisini, akasubiri saa nzima akisikiliza muziki, ndipo akaambiwa pasipoti na cheti vilirudishwa kwake tangu tarehe tisa Julai, kwa anwani ile ile aliyoitoa mwenyewe, na kwamba avilete kwenye usaili kabla ya Septemba kuisha.

Alikaa kitandani na simu mkononi. Jedidah, aliyekuwa amempa hifadhi wiki hiyo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimkumbusha kwamba mume wa mshindi naye hupata kadi, mradi ndoa ifungwe kabla kadi haijatoka. Alimtajia dada mmoja ambaye mchumba wake alimfichia pasipoti mpaka siku ya harusi.

"Muriuki ameshasema habari ya ndoa?" aliuliza.

Alikuwa amesema. Wiki iliyopita tu: tuoane kabla ya Septemba kuisha. Na jioni ile ile, Bernadetha alipoingia ghafla, alimwona akisukuma bahasha ya kahawia ya serikali chini ya mto wa kochi. Alikuwa ameiona na kujitia hakuiona.

Kesho yake asubuhi, Muriuki akiwa kazini, alifungua kwa ufunguo aliopewa. Alipekua kochi, kabati, hata mfuko wa unga. Bahasha ilikuwa ndani ya koti la suti. Aliifungua, akasoma mara mbili. Barua haikuwa yake. Muriuki amekataliwa kuongezewa kibali cha kukaa, aondoke kabla ya tarehe kumi na tano Septemba.

Muriuki aliingia Bernadetha akiwa bado ameishika. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini akamwone wakili.

"Unatafuta nini, Betha?"

"Pasipoti yangu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. "Nilificha hiyo barua sababu nilijua ukiiona, utasema nakupendea makaratasi," alisema. "Kumbe ulikuwa umeshasema."

Walishuka ngazi bila kugusana, kwa kuwa mpeleka barua alikuwa chini akigawa, na Bernadetha alitaka kumuuliza mbele ya Muriuki. Mama yule alifungua kifuniko cha sanduku, akawaonyesha karatasi ya majina iliyobandikwa ndani: Muriuki, basi. Barua yenye jina lisilokuwemo hurudi ilikotoka, alieleza, na ndiyo kanuni. Kwao Bukoba sanduku la parokia lilipokea barua za vijiji vitatu. Kwao Nyeri sanduku la shule lilitosha ukoo mzima. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sanduku huchagua watu.

Mchana ule, kwa simu, ofisi ilisema bahasha imerudi kwao, ikakubali kuituma tena. Bernadetha aliomba msamaha, akalia, akasema hata kesho yuko tayari kufunga ndoa.

"Hapana," Muriuki alisema. "Nikikuoa leo, siku tukikosana utaniangalia vile uliniangalia asubuhi. Chukua kadi yako bila jina langu. Halafu nitakuuliza tena."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani."

Aliondoka tarehe kumi na mbili Septemba. Bernadetha alimsindikiza uwanja wa ndege akiwa amevaa gauni la njano alilolipenda Muriuki, na njia nzima ya kurudi alijichukia.

Oktoba, adhuhuri ya Jumapili, simu iliita. Sauti ilitoka mbali, ikikatika.

"Karatasi zilifika?"

"Zilifika. Na kadi imetoka."

"Jina langu limo?"

"Halimo popote."

"Kukuita wewe uje huku Nyeri ni rahisi. Kuniita mimi huko itachukua miaka, kama watakubali. Ukijua hivyo, Betha, utaolewa na mimi?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posta, Bernadetha hakuwa na swali la kumuuliza.

"Nitaolewa," alisema, na simu ikakatika kabla hajajua kama amesikika.