Hodi Kabla ya Kugusa

Mapokezi ya dharura yalikuwa yamefurika. Kwenye benchi, msichana wa gauni la kijani lenye madoa meupe alijikunja akiugulia. Daktari mwanafunzi mmoja, mrefu hata wenzake wakamwita Twiga, akaja mbio na kitanda cha magurudumu.

"Niache, kaka," msichana akamnong'oneza. "Mzima mimi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

Kumbe ndiyo kazi yake: kujifanya mgonjwa siku za mtihani, wakufunzi waone madaktari wanafunzi wanavyohudumia mtu. Twiga akacheka, akaomba namba. Simu zikaanza, za asubuhi na za kabla ya kulala.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, daktari wangu. Niandikie dawa ya njaa."

Siku ya mtihani Twiga aliingia, koti limenyooka kwa pasi, akamkuta mpenzi wake kitandani ameshika tumbo. Akatabasamu, akalibonyeza bila salamu.

Mkufunzi akamuuliza mgonjwa, "Ungependa daktari huyu akuhudumie tena?"

Msichana akatazama dari. "Hapana."

Twiga akafeli. Ilibaki nafasi moja ya kurudia. Akiikosa, masomo basi.

"Umeniangusha mbele za watu!" akafoka kwenye simu.

"Pale nilikuwa mgonjwa. Hukubisha hodi, ukanivamia."

"Si nakujua?"

"Tumbo linaloniuma hulijui."

Msichana akakata simu. Wiki zikapita, kila mmoja na kiburi chake.

Ndipo mama wa msichana akabanwa na pumu. Binti alipomaliza kuandikisha jina mapokezini, akasikia sauti nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni daktari mwanafunzi. Naomba nikushike mkono nipime mapigo ya moyo. Sasa nakuvalisha barakoa hii, ina dawa ya kufungua kifua. Vuta pumzi taratibu, sitaondoka."

Hakuondoka. Pumzi iliporudi, mama akasema, "Kijana una adabu. Una mke?"

Pazia likafunguliwa. Twiga akaona gauni la kijani.

"Kesho narudia mtihani," akamwambia. "Nifaulu, nifeli, naomba ruhusa nikushike mkono."

"Eleza kwanza unataka kuufanya nini."

"Kuuvisha pete. Hautauma. Ukitaka niache, niambie."

Machozi yakamlengalenga msichana.

"Mpe mkono, mwanangu," mama akasema kitandani. "Mimi nataka kwenda nyumbani."