Ganeti ya Gulwe

Generosa aliinama katikati ya soko la Kibaigwa, gauni lake la kitenge cha njano limejaa vumbi la mahindi, akachukua jiwe lililokandamiza turubai la mtu. Upepo ukabeba turubai.

"We dada! Jiwe hilo lina mwenyewe!" alifoka Kefa, dalali wa mahindi, shati jeupe vifungo viwili wazi.

"Mwenyewe hajui alichonacho. Ona punje hizi nyekundu. Ganeti hizi, mawe ya vito!"

"Basi chukua jiwe, niachie namba ya simu."

Akamwachia. Ikawa simu asubuhi, simu jioni, "dalali wangu" huku, "mama mawe" kule. Mwezi wa nne Kefa akamletea ganeti kubwa aliyoiokota shambani kwa mama yake kule Gulwe. Hakusema ni ya nini, ila moyoni alishaipangia pete. Generosa naye, mwanajiolojia wa watu, akaipeleka maabara, akaipasua katikati kwa msumeno! Akampigia simu kwa furaha.

"Umeipasua? Generosa, ile ilikuwa pete yako! Mama alisema, mwanamke wa nyundo hajali kitu. Niombe msamaha."

"Kwa kosa gani? Ulisema ni pete? Siombi!"

Wiki tatu bila simu. Generosa alilia, nani asingelia? Alimpenda yule mwanamume. Lakini kuomba msamaha kwa kazi yake, ng'o!

Ijumaa Kefa akatokea mlangoni pa maabara, amekonda. Generosa hakumsalimia. Alimvutia kiti mbele ya hadubini.

"Tazama. Ganeti inakua huku inameza madini madogo madogo. Haya ya katikati iliyameza ikiwa bado haijazama sana ardhini. Haya ya pembeni, imeshazama kilomita nyingi, chini ya milima iliyokuwepo hapa kwetu. Milima imekwisha, yenyewe imepanda na habari zote. Bila kuipasua, nani angejua?"

Kefa alitazama muda mrefu. "Yote haya yalikuwa shambani kwetu?"

"Kwenu."

"Mama anauliza utaacha lini kugonga mawe."

"Mpe shikamoo yangu. Mwambie siachi."

"Nimeshamwambia. Nikamwambia asipomtaka mwenye nyundo, basi hana mkwe." Akaokota nusu iliyobaki mezani. "Nisamehe, mpenzi. Hii inatosha pete?"

Machozi yakamtoka Generosa, akayaacha yatiririke.

"Inatosha. Ila mwambie sonara, upande nilioupasua ukae juu."